Kosa la Kifungua Kopo ni la Nani?

Wengine mtashangaa kuona ukurasa huu umepewa kifungua kopo. Mmezoea kusoma hapa habari za ndoa, malezi ya watoto na fedha za parishi, na sisi wa kamati ya jiko tulidhani kwamba jambo letu lingeishia jikoni. Halikuishia huko. Limetuletea swali ambalo tumelijadili katika mikutano mitatu, nalo ni hili: chombo kikiwa kibovu, na wote wanaokitumia wakawa wanaujua ubovu wake na wamejifunza kuishi nao, kisha akaja mtu asiyejua akaumia, je, kosa ni la nani?

Yafaa kwanza tueleze yaliyotokea, maana habari zimekwisha kuzunguka nyumba kwa nyumba, na kila zinapopita zinaongezwa chumvi.

Kama mjuavyo, jiko letu liko nyuma ya ukumbi, na hupikia watu wengi: misiba, harusi, ubatizo, semina, na ugeni wa Baba Askofu. Vyombo vyake ni vya wote. Miaka miwili iliyopita kifungua kopo kiliharibika, nasi tukatumana mjini kununua kingine. Dukani viliwekwa viwili kando kwa kando, kimoja Sh. 3,000 na kingine Sh. 18,000. Kwa macho vilifanana: mikono miwili ya kubana, kigurudumu, na kipini cha kuzungusha. Tukachukua cha 3,000. Mkutanoni tulipotoa hesabu, ilisemwa kwamba akina mama wanajua kubana matumizi, tukapigiwa makofi.

Kilifanya kazi vizuri kwa miezi michache. Baadaye kikaanza kuruka. Mtakaotaka kujua maana ya kuruka, sikilizeni. Kifungua kopo cha namna hii kina magurudumu mawili madogo. Moja ni kali, nalo hukata kifuniko kwa ndani ya ukingo. La pili lina meno, nalo hushika ukingo kwa chini na kulizungusha kopo lijilete kwenye makali. Yote mawili hushikiliwa yakaribiane kwa ribiti. Ribiti ikilegea, magurudumu huachana kidogo, upana wa kucha tu. Meno hukosa mshiko, na makali hupita juu bila kukata. Ukimaliza mzunguko unakuta kifuniko kimekatwa hapa, hapa hakikukatwa, na bado kimeng'ang'ania.

Hatukukitupa, wala hatukukipeleka kwa fundi. Tulitafuta mbinu. Mmoja wetu aligundua kwamba ukikibana kwa kitambaa na kukilaza kidogo upande wa kulia, hushika. Mwingine aliona ni heri kuanzia mbali na mshono wa kopo. Wa tatu alikuwa akizungusha mara mbili. Na palipobaki bila kukatwa, sote tulimalizia kwa ncha ya kisu. Tulifika mahali pa kukifanyia utani, tukisema kwamba kifungua kopo hiki kina wenyewe.

Basi ikaja Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Palikuwa na ubatizo wa watoto 14, na wageni kama 200 wa kula. Kijana mmoja wa parishi hii, ambaye sasa yuko kazini Dar es Salaam, alikuwa ametuletea zawadi ya makopo 12 makubwa ya nyanya, yale yasiyokuwa na pete ya kuvutia. Siku hiyo alikuja jikoni binti mmoja aliyehamia kwetu mwezi wa Oktoba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutusaidia. Sisi tulikuwa tunachambua mchele na kukata vitunguu. Tukamwambia, "Mwanangu, tufungulie makopo yale." Hatukumwambia neno lingine.

Kopo la kwanza lilimsumbua. La pili likamsumbua zaidi. Alitazama huku na huku, akaona hakuna anayelalamika. Alitueleza baadaye kwamba aliona haya kuuliza, kwa kuwa alidhani chombo ni kizima na asiyejua ni yeye. Akachukua kisu kilichokuwa kando, akakiingiza chini ya kifuniko, akainua kwa nguvu. Kisu kikateleza, na makali ya bati yakamkata chini ya kidole gumba cha mkono wa kushoto. Alishonwa nyuzi sita.

Binti huyu ni msusi. Hula kwa vidole vyake. Na ninyi akina mama mnajua wenyewe kwamba wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya ndiyo wiki ya mavuno kwa msusi yeyote. Alikuwa amekwisha kupokea ahadi za wateja wengi, naye alitegemea fedha hizo kwa kodi ya chumba na kwa sare na madaftari ya mdogo wake mwezi wa Januari. Wateja wale walikwenda kwa wasusi wengine. Yeye alikaa wiki tano akiutazama mkono wake.

Kamati ilipokutana, tulikuwa na rai tatu. Tunaziandika zote, kwa sababu kila moja ina watu wema nyuma yake.

Rai ya kwanza ilisema: hakuna aliyemwambia ashike kisu. Ni mtu mzima, angeweza kuuliza. Rai hii ina ukweli wake. Kila mtu ana wajibu wa kuuhurumia mwili wake, na jiko lenye moto na visu si mahali pa kujionyesha. Lakini tulipotulia tukaulizana: nani kati yetu hakuwahi kumalizia kopo lile kwa kisu? Hakupatikana hata mmoja. Basi binti alifanya lile lile tulilokuwa tukilifanya sisi kila mara. Tofauti ni kwamba sisi tulijua chombo kinarukia wapi, na mikono yetu ilikwisha kuzoea kujiepusha. Tena, mtu aliye mgeni, katika siku yake ya kwanza, mbele ya makopo 12 na wageni 200, si rahisi kusimama na kusema, "Kimenishinda." Sisi wenyewe tuliokuwa wageni zamani tunalijua jambo hilo.

Rai ya pili ilisema: kosa ni la aliyekitengeneza na aliyekiuza. Hapa tuliongea kwa muda mrefu, maana kila mmoja ana jambo lake na vitu vya siku hizi. Ni kweli kabisa kwamba kifungua kopo kibovu ni kitu chenye hila. Dukani hukijaribu hewani, nacho huzunguka vizuri. Hung'aa. Udhaifu wake wote umo katika ribiti nyembamba na meno ya chuma laini, mambo ambayo mnunuzi hayaoni mpaka siku ya haja. Hata kopo lenyewe lina uungwana zaidi, maana chakula kikiharibika ndani, mara nyingi kopo huvimba, na kwa kuvimba humwambia mwenye nyumba asilifungue. Kifungua kopo hakivimbi.

Mmoja wetu aliyewahi kufundisha historia alitukumbusha kwamba hila hii ni ya zamani kama makopo yenyewe, ingawa mwanzoni haikuwa hila bali kusahau. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimpa Nicolas Appert faranga 12,000 kwa kuonyesha namna ya kuhifadhi chakula katika chupa zilizofungwa na kuchemshwa. Mwaka huo huo Peter Durand alipata hataza mjini London iliyohusu kutumia vyombo vya bati pia, na kufikia 1813 kiwanda cha Bryan Donkin pale London kilikuwa kikitoa chakula cha makopo. Makopo yale yalikuwa mazito, na njia ya kuyafungua ilikuwa patasi na nyundo. Askari waliyafungua kwa visu na singe. Mpaka 1855 ndipo fundi wa visu wa London aitwaye Robert Yeates alipotoa chombo cha kufungulia, na 1858 Ezra Warner wa Marekani akatoa chake. Fikirini, ndugu zetu: miaka 40 na zaidi watu walijitahidi sana kufunga, na hawakumfikiria atakayefungua.

Inasimuliwa kwamba chombo cha Warner kilikuwa cha hatari kiasi kwamba wauza duka waliwafungulia wateja makopo pale pale dukani. Ikiwa ni kweli, watu wale wanastahili heshima, kwa sababu waliichukua hatari mikononi mwao wala hawakumfungia mteja aende nayo nyumbani. Mwaka 1870 William Lyman, naye wa Marekani, alileta gurudumu la kukata, na 1925 kampuni moja ya San Francisco ikaongeza gurudumu la pili lenye meno. Maana yake ni kwamba kwa karibu miaka 100 sasa dunia inajua namna ya kutengeneza kifungua kopo kinachoshika. Anayetengeneza kisichoshika leo hawezi kusema hajui. Basi rai ya pili nayo ina haki.

Hata hivyo, mzee mmoja wa kanisa ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa magari alitujibu kwa maneno machache. Alisema, "Ubovu ulikuwa wa mtengenezaji mpaka siku mlipoujua. Tangu siku ile mliupokea ninyi." Alitupa mfano wa gari. Gari likiuzwa na breki mbovu, mwenye kulaumiwa ni muuzaji. Lakini dereva akigundua kwamba breki hazishiki mpaka azikanyage mara tatu, akazizoea, kisha akampa mwenzake funguo bila kusema neno, siku hiyo hawezi tena kumtaja muuzaji.

Hii ndiyo rai ya tatu, na ndiyo iliyotushinda nguvu. Kosa letu halikuwa kununua cha 3,000. Siku ile hatukujua, na asiyejua ana udhuru. Kosa letu lilikuwa kuzoea. Tulipojifunza mbinu ya kwanza, tulifikiri tumetatua shida. Kumbe tulikuwa tumeificha. Mbinu zile zilikuwa kama viraka vilivyoshonwa kwa ndani: sisi tulijua vilipo, lakini mgeni aliona nguo nzima. Kadiri tulivyozidi kuwa hodari, ndivyo chombo kilivyozidi kuonekana kizima machoni pa mtu mwingine. Alituona tunafungua makopo huku tunacheka. Angejuaje?

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumekuwa tukiitumia methali hii kwa furaha, kwamba mgeni akija hupikwa vizuri na mwenyeji naye hufaidi. Lakini ina upande mwingine. Mgeni huja na macho mapya. Huona kilichopinda ambacho mwenyeji amekizoea hata anakiona kimenyooka. Ole wetu, sisi tulipona kwa jeraha lake. Tungaliweza kupona kwa swali lake, kama tungalimfanya ajisikie huru kuuliza.

Kutokana na mazungumzo haya tulifikia maana ya neno "kuaminika" ambayo hatukuwa nayo mwanzoni. Tulikuwa tukifikiri kwamba chombo cha kuaminika ni kile kinachonifanyia kazi mimi. Sasa twasema kwamba chombo cha kuaminika ni kile kinachomfanyia kazi mtu asiyekijua, siku ambayo mwenye kukijua hayupo. Chombo kinachotii mikono ya wenyewe tu kimefugwa tu, kama mbwa mkali asiyemng'ata mwenye nyumba.

Sasa tuseme juu ya fedha, kwa kuwa najua, na sote twajua, kwamba wapo watakaosema parishi ni maskini. Watu hupenda kujibu hoja hii kwa kusema rahisi ni ghali. Tusidanganyane. Tulipiga hesabu. Kifungua kopo kile kilikuwa cha tatu cha namna ile, na vyote vitatu pamoja ni Sh. 9,000. Hiyo bado ni nusu ya 18,000. Kwa hesabu ya daftari, rahisi ilikuwa rahisi kweli. Gharama iliyobaki haikuandikwa daftarini kwa sababu haikutoka mfukoni mwetu. Ililipwa na mkono wa mtu mwingine. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Sisi tulikuwa wachukuzi, mzigo ukawa mwepesi, tukapigiwa makofi, na mwenye mali akapoteza nazi zake njiani.

Kwa hiyo kila tunaposifia ubanaji wa matumizi, hapana budi tuulize swali moja zaidi: tumeibana gharama, au tumeihamisha? Kama tumekubali kula mara moja ili tuwe na akiba, huo ni ubanaji. Kama tumemwacha mtu mwingine alale njaa bila kumwuliza, huo una jina lingine.

Hata hivyo, hatusemi kwamba kila mtu lazima anunue cha ghali. Mama mwenye Sh. 3,000 peke yake mkononi, akinunua kifungua kopo cha bei hiyo kwa jiko lake, hakukosea. Hatari ni yake mwenyewe, na anao watoto wawili watatu ambao anaweza kuwaonya. Jiko la parishi si hivyo. Hushikwa na mikono mingi, na wengi wao hatuwajui majina. Kadiri chombo kinavyotumiwa na watu wengi wasiojuana, ndivyo wajibu wa mwenye chombo unavyokuwa mzito.

Tena lipo jambo ambalo lilituaibisha kuliko yote. Kulikuwa na kinga isiyohitaji hata senti moja. Ilikuwa kumwambia, "Mwanangu, hicho kibovu, ngoja nikuonyeshe," au kumwambia, "Hicho kibovu, acha, mpe fulani afungue." Sekunde kumi. Tulikuwa kumi na mmoja jikoni, na kila mmoja alidhani mwenzake amemwambia.

Sasa mtatuuliza tumenunua kipi. Tulikwenda mjini watu wawili, tukachukua kopo la nyanya mkobani. Mwenye duka la kwanza alikataa tusijaribu, tukamshukuru, tukaondoka. Wa pili alikubali, akasimama kutazama. Tulitazama mambo haya. Ribiti iwe nene, na mikono isichezecheze unapoitikisa. Ukikibana bila kopo na kukiinua kwenye mwanga, magurudumu mawili yakaribiane sana, mwanga usipite kwa wingi. Meno yawe makali kwa kidole, yasiwe yamekandwa tu juu juu. Mikono iwe minene, isije ikaumiza kiganja. Kipini cha kuzungusha kiwe kirefu, kwa kuwa kirefu huhitaji nguvu chache. Ndipo tukafungua kopo zima, mwanzo hadi mwisho, bila kunyanyua.

Tuliporudi hatukukikubali bado. Tulimpa bibi mmoja mwenye baridi yabisi ya vidole, akafungua kopo. Tukampa kijana wa kwaya anayetumia mkono wa kushoto. Akahangaika, maana karibu vyombo hivi vyote hutengenezwa kwa mkono wa kulia, lakini hakikuruka. Mwisho tukamwita mtoto wa kipaimara ambaye hakuwahi kushika chombo hiki maishani mwake, tukamwachia bila kumwelekeza. Alikigeuza mara mbili tatu, akapata. Sisi tuliokuwa hodari hatukuruhusiwa kukijaribu, kwa kuwa tumekwisha kujifunza kufungua kopo hata kwa kitu kibovu, na ushahidi wetu hauna maana.

Tunakitunza. Kikiisha kutumika huoshwa kwa maji moto na brashi, kwa sababu mabaki ya chakula hujificha katika meno. Hukaushwa mara moja, kwani hewa hii ya pwani haisamehe chuma. Na kila mwezi hutiwa tone la mafuta ya kula. Kando yake tumeweka cha akiba, kile cha kale chenye jino moja la kuchoma na kusukuma, ambacho hakina gurudumu wala ribiti ya kulegea. Huacha kingo zenye miiba, basi juu ya msumari wake tumeandika onyo kwa herufi kubwa. Na wanaotuletea zawadi tunawaomba, wakipata makopo yenye pete, walete hayo. Pete ile nayo ina habari yake: husimuliwa kwamba Mmarekani Ermal Fraze alipata wazo hilo mwaka 1959 baada ya kwenda matembezini na vinywaji vya kopo bila chombo cha kufungulia. Hata yeye alijifunza siku ya haja.

Ndugu wasomaji, mmekwisha kuona kwamba jambo hili haliishii kwenye makopo. Katika parishi yetu, na katika nyumba zetu, wamo watu ambao sote tunajua "wanavyoshikwa." Yuko mwenye kutunza ufunguo wa stoo ambaye lazima umkute kabla ya saa nne, baada ya hapo hapatikani. Yuko ambaye ukimwazima fedha lazima umkumbushe mbele ya mkewe. Wenyeji tunajua, tunakwepa na kucheka. Hatumwambii mwenyewe ajirekebishe, kwa kuwa sisi haitudhuru tena. Kisha anakuja mjane mgeni anahitaji kitu saa kumi jioni, au kijana mgeni anakopesha akiba yake yote. Tunapowasikia wamepatwa, tunasema, "Kwani hawakujua?" Nani angewaambia? Kumzoea mtu na kasoro zake ni wema, na bila wema huo hatungeweza kuishi pamoja hata wiki moja. Lakini wema huo ukitufanya tunyamaze mbele ya asiyejua, unageuka kuwa mtego tuliomtegea.

Tumalizie na yale tuliyoamua. Mkutano wa pili ulikubali kumpa binti yule Sh. 200,000 kwa wiki alizokaa bila kazi. Katibu aliandika katika kumbukumbu, "Msaada kwa mgonjwa, Sh. 200,000." Mzee yule fundi alinyoosha mkono, akasema neno hilo lifutwe. Alisema msaada hupewa mtu ambaye hatukumdhuru. Huyu tunamdai nini hata tumsaidie? Wengine waliona ni ugomvi wa maneno tu, maadamu fedha ni zile zile. Tulibishana karibu saa nzima, na kwa kweli wengine walikasirika. Mwisho tulimwuliza binti mwenyewe, ambaye hakuwa akitaka lolote. Alisema, "Mkiniandikia msaada, nitashukuru. Mkiniandikia deni, nitajua kwamba mmekubali." Katibu akafuta, akaandika: "Deni la kamati ya jiko, limelipwa."

Kilibaki kile kifungua kopo cha zamani. Mmoja wetu aliomba akichukue nyumbani, akisema yeye anakijua na hakitamsumbua. Tukatazamana. Mzee akakichukua bila kujibu, akatoka nacho nje hadi kwenye jiwe la kunolea visu, akakipiga nyundo mara nne mpaka mikono ikaachana. Akarudi, akaweka vipande kwenye pipa la taka.

Binti amerudi kusuka. Kidole gumba bado ni kizito asubuhi, asema, hasa siku za baridi. Jumapili iliyopita alikuwa nasi jikoni, na alikuja mama mgeni kutoka mtaa wa pili kutusaidia. Kabla hatujafungua midomo, binti alimshika mkono, akamzungusha jiko zima: sufuria hii mpini wake umelegea, mlango ule hujifunga wenyewe, jiko la pembeni huwashwa kwa kuinama. Tulihesabu mambo saba. Orodha tunayo, na wiki hii tumeanza kuyatengeneza moja moja.